Kutoka Kambi Hadi Gesti: Historia ya Kitanda cha Bei Poa, Kuanzia Kibondo Hadi Kariakoo

Kila anayepanga kwenda kula bata mjini siku mbili tatu huwa na maswali mawili kabla hajakata tiketi. Chumba bei gani? Na kiko wapi? Ukijibiwa hayo mawili vizuri, mengine yanavumilika: feni inayopiga kelele, kipande cha sabuni cha ukubwa wa pipi, televisheni yenye chaneli nne. Bei chee, mahali pazuri, mtu anaweka begi chini anaoga.

Sasa wadau, leo hapa hakuna staa wala nani kaonekana na nani hoteli gani. Leo ni zamu ya watu ambao majina yao hayajaandikwa popote: mpagazi, manamba, abiria wa basi lililolala njiani, mkimbizi. Wote hawa walitoka au walipita kule juu Buha, yaani Kibondo, Kasulu na vilima vyote vinavyotazama Burundi, na wote walihitaji mahali pa kulala. Tofauti yao na wewe ni moja tu. Wengi wao hawakuulizwa wanataka kulala wapi. Walipangiwa.

Shika maneno mawili: kambi na gesti. Kambini unawekwa. Gesti unachagua, unalipa, unapewa ufunguo. Historia ya mtu wa Kigoma kwenda mjini ni safari ndefu kati ya maneno hayo mawili, na kuna watu mpaka leo hawajaimaliza.

Malazi ya miba, bili ya vitambaa

Kabla ya reli, njia kubwa ya kutoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, miezi kadhaa kwa msafara wenye mizigo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na nguo, shanga na bunduki. Njia hiyohiyo ndiyo waliyopitishwa watumwa, ambao kwao hakukuwa na swali la kulala wapi hata kidogo.

Msafara ulipofika jioni ulipiga kambi. Vibanda vya matawi na nyasi, boma la miba kuzunguka, moto katikati. Msafara ukiondoka, vibanda vilibaki, na wanaofuata walivirekebisha wakalala. Usidhani kambi iliwekwa popote. Ilikuwa karibu na maji, karibu na kijiji chenye muhogo, mtama au viazi vya kununua. Uvinza, penye chemchemi za chumvi kandokando ya Mto Malagarasi, palikuwa kituo chenye watu tangu zamani mno, maana chumvi ilivuta wanunuzi kutoka kila upande. Kwa hiyo hilo la "mahali pazuri" halikuanza na simu yako.

Na bili je? Bili iliitwa hongo. Leo neno hilo tunalijua kama rushwa, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu. Buha ilikuwa na watawala wake, kila mmoja na eneo lake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, na wengineo. Ukipita unalipa kwa doti za nguo.

Hapo ndipo inaingia hadithi ya mgeni maarufu kuliko wote waliowahi kupita kule. Novemba 1871, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley alikuwa akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Alipoingia Buha akalipa hongo kwa mkubwa wa kwanza, makumi ya doti. Akalipa tena kwa mwingine. Halafu akaambiwa mbele bado wako wengine. Jamaa akapiga hesabu, akaona nguo zitaisha kabla hajafika ziwani. Akatafuta mtu wa kumwongoza, akautoa msafara wake usiku kimyakimya, akapita porini mpaka akatoka upande wa pili. Kwa lugha ya leo, alitoroka gesti bila kulipa!

Kitabu chake kikauzika dunia nzima, na maneno ya salamu yake pale Ujiji yanajulikana hadi kwa watoto. Lakini wale wapagazi waliotembea usiku ule na mizigo kichwani, wakiogopa hata kukohoa, hakuna anayewataja.

Mwisho wa reli

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kigoma. Ndiyo maana mpaka leo Kigoma inaitwa mwisho wa reli. Mwendo wa miezi ukawa wa siku chache. Ramani ya malazi nayo ikapinduka: kilichofanya mahali pawe pazuri sasa kilikuwa stesheni, maji ya kisima yakawa jambo la pili. Ujiji, mji mkubwa wa misafara, ukaachwa pembeni kilomita chache tu kutoka kwenye stesheni mpya, na Kigoma ikakua.

Meli nayo ikaja kwa reli. Ile tunayoiita MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya makasha, ikaunganishwa tena Kigoma na kuteremshwa majini 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916 ili isitekwe, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Ikumbuke meli hiyo, tutakutana nayo tena mbele.

Basi bwana, reli ikaleta hoteli. Tabora ikapata yake ya reli. Dar es Salaam ilikuwa na Kaiserhof karibu na bandari, ambayo baadaye ikawa New Africa. Vyumba vizuri, upepo wa bahari, stesheni jirani. Bei siyo tatizo pekee: mlango wenyewe haukuwa wa kila mtu. Mji uligawanywa kwa rangi, mpango ulioanzia kwa Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza. Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Uswahilini nyuma, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa kama ukanda wa kutenganisha. Mwafrika aliingia hoteli kubwa akiwa amebeba sinia au mzigo wa mtu. Kulala humo ilikuwa habari nyingine.

Kwa hiyo Muha aliyeshuka kwenye treni Dar alikuwa amefika mahali pazuri kabisa, katikati ya mji, na usiku huohuo ilibidi aondoke hapo akatafute pa kulala kwingine.

Manamba

Lakini wengi hawakushuka Dar kutembea. Walikuwa wanakwenda Tanga.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche iliyosalimika ikiwa 62 tu kutoka Florida. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ya kwanza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Nani alikata majani yale? Watu wa mbali, kwa mkataba. Serikali ya kikoloni haikuhangaika sana kupeleka mazao ya biashara Kibondo na Kasulu. Kodi ikawekwa, na kijana asiye na pa kupata hela ya kodi akafuata kazi ilipo. Buha ikawa kisima cha nguvukazi, pamoja na Burundi ya jirani.

Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Tafakari hilo kidogo. Mtu ana jina la baba, jina la ukoo, jina la mwami wake, akipanda gari anakuwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, ambacho kiliwakusanya watu mikoani na kuwasafirisha kwa malori na treni, wakilala kwenye kambi za njiani hadi shambani. Na shambani nako walikaa kambi, safu za nyumba zilizojengwa kwa hesabu ya mwajiri.

Usafiri bure, kulala bure, chakula mgao. Ukisikia hivyo unaweza kusema mbona mchongo! Tatizo ni kwamba kitanda cha bure ambacho hukukichagua kina mwenyewe. Ukigombana na msimamizi, umegombana na mwenye nyumba, mwenye chakula na mwenye nauli yako ya kurudi kwa pamoja. Wengi walirudi Buha mkataba ulipoisha. Wengine walibaki Tanga na pwani moja kwa moja, na wajukuu wao leo ni watu wa huko.

Kariakoo, mji uliozaliwa kambini

Sasa njoo Dar. Ukitaka chumba cha bei poa na karibu na kila kitu, mtu atakwambia Kariakoo kabla hujamaliza sentensi. Jina lenyewe ni kambi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Kilipiga kambi eneo lile, na jina likageuzwa mdomoni mwa watu likawa Kariakoo. Wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu Afrika Mashariki, wengi zaidi kwa njaa na magonjwa kuliko risasi. Kila unapomwambia bodaboda "nipeleke Kariakoo", unawataja bila kujua.

Baada ya vita eneo likawa makazi ya Waafrika, na hapo ikashamiri nyumba ambayo bila hiyo gesti zetu zisingekuwa zilivyo: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Unaijua hata kama hujui jina. Baraza mbele, mlango katikati, korido moja ndefu, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha. Mgeni wa usiku mmoja akifika, anapatikana mahali.

Sasa fikiria gesti yoyote ya zamani uliyowahi kulala, Kasulu, Tabora au Manzese. Korido katikati, milango inatazamana, bafu uani. Ni nyumba ileile ya vyumba sita, imeongezewa namba mlangoni na kitabu cha wageni mezani. Hakuna mchoraji ramani aliyeibuni kwa ajili ya utalii. Ilitoka kwa watu waliokatazwa mlango wa mbele wa mji, wakatengeneza wa kwao.

Na kabla ya gesti, kulikuwa na ndugu. Mgeni kutoka Kasulu alifikia kwa mtu wa Kasulu. Vyama vya makabila vilisaidia wageni wapya na kuzika waliofia mjini. Bei ilikuwa sifuri, lakini ilikuwa na malipo yake: umelala kwa binamu, huwezi kukataa binamu wa binamu akija kwako mwakani. Kijana aliyelipia chumba chake mwenyewe kwa mara ya kwanza alinunua kitanda, na pamoja nacho alinunua uhuru wa kutoulizwa alikuwa wapi jana usiku.

Siku Kigoma ilipojaa

Julai 1960 Kongo ilikuwa imetoka tu kupata uhuru, na Wabelgiji wakakimbia vurugu kwa kuvuka ziwa hadi Kigoma. Mji mdogo, vyumba vya kuhesabika, watu kibao. Katikati ya hali hiyo akafika mwanamke wa Kiingereza wa miaka 26 na mama yake, wakielekea msituni kutazama sokwe. Walikwama. Wakajiunga na waliokuwa wakiandaa mikate kwa ajili ya wakimbizi, na wakapiga hema kwenye viwanja vya gereza. Baadaye wakavuka kwa boti kwenda Gombe, na dunia ikamjua kwa jina la Jane Goodall.

Kisa hiki ninakipenda kwa sababu moja. Kigoma watu wamezoea kuona wakimbizi kama watu wa aina fulani. Mwaka ule wakimbizi walikuwa Wazungu, na mji ukawapokea vilevile. Vita ikivuka ziwa au mpaka, malazi yanakwisha, haijalishi wewe ni nani.

Enzi ya kuulizwa "unafanya kazi wapi?"

Uhuru ulifungua milango ya hoteli. Lakini Azimio la Arusha la 1967 likaleta masharti kwa viongozi: hakuna kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nia ilikuwa kuzuia unyonyaji. Kwa upande wa mgeni wa kawaida, kumaanisha yule anayeshuka kwenye treni na kikapu cha mawese, fikiria kidogo: mtumishi mwenye mshahara, ambaye ndiye angeweza kujenga vyumba kumi pale karibu na stendi, amekatazwa.

Halafu ikaja 1983 na Sheria ya Nguvu Kazi. Mijini watu wasio na kazi rasmi walikamatwa na kurudishwa vijijini kulima. Ukiwa Dar bila kitambulisho cha kazi, hata kama umekuja kutembea tu, ulikuwa na la kujieleza. Wakoloni nao walikuwa na desturi hiyohiyo ya kuwafukuza "wahuni" mjini. Likizo ya mjini, hii tunayoichukulia kawaida, inahitaji kwanza uruhusiwe kuwa mjini bila sababu.

Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya viongozi, na biashara huria ikashika kasi. Vyumba vya kupangisha vikawa halali kwa mwenye cheo na asiye na cheo, na gesti zikajaa nchi nzima.

Basi lililolala njiani

Kuna sheria nyingine iliyojaza vitanda, na wengi wenu mmeionja. Miaka ya 1990, baada ya ajali nyingi, mabasi ya abiria yalipigwa marufuku kusafiri usiku. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 30, hadi iliporuhusiwa tena mwaka 2023.

Kwa mtu wa Dar kwenda Moshi haikuwa noma. Kwa mtu wa Kibondo ilikuwa maisha. Safari haikuisha siku moja, basi likasimama mji wa katikati ikabidi mlale. Mwenye hela alikimbilia gesti ya karibu na stendi, asiye nayo alilala kitini na buti kichwani. Miji kama Kahama na Singida ikavuna. Konda akitangaza saa ya kuondoka alfajiri, gesti iliyo hatua 50 kutoka stendi ilikuwa na thamani kuliko hoteli nzuri iliyo mbali, kwa sababu basi halimngoji mtu.

Na upande wa Kibondo na Kasulu kulikuwa na la ziada. Barabara ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi, na majambazi wenye bunduki walikuwa wakiteka magari, hadi mabasi yakasindikizwa na askari. Kufika gesti Kibondo, kufunga mlango na kusikia komeo limeingia, hiyo tayari ilikuwa anasa. Leo lami imefika na safari imebadilika mno.

Nduta

Sasa tufike penyewe. Oktoba 1993 rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa, na watu wakamiminika Kigoma. Mwaka 1996 wakaongezeka Wakongo. Kambi zikafunguliwa moja baada ya nyingine: Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Karago upande wa Kibondo. Mamia ya maelfu ya watu.

Pamoja nao wakaja watumishi wa mashirika, na magari meupe yenye antena ndefu. Hao walihitaji vitanda, maji ya moto, chai ya asubuhi na risiti. Kibondo na Kasulu zikabadilika. Kodi za nyumba zikapanda, gesti, baa na migahawa ikaongezeka, vijana waliosoma wakaacha kazi za serikali kufuata mishahara ya mashirika. Waliowahi kujenga walitoka. Kambi zilipofungwa, Nduta ikiwamo mwishoni mwa miaka ya 2000, vyumba vikabaki na vumbi.

Aprili 2015 Burundi ikalipuka tena kwa suala la muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Makumi ya maelfu ya watu wakabanana kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Na nani akaja kuwachukua? MV Liemba, meli ileile ya 1913, ikisafirisha watu hadi Kigoma mjini. Wakalala Uwanja wa Lake Tanganyika, uwanja wa mpira, wakisubiri mabasi ya kwenda Nyarugusu. Nyarugusu ikafurika. Oktoba 2015 Nduta ikafunguliwa upya, na kufikia 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Mtendeli ilipofungwa mwaka 2021, waliobaki huko nao wakahamishiwa Nduta.

Weka picha hiyo kichwani. Kambini mwaka ule wa 2017, watu zaidi ya 100,000 kwenye mahema au vibanda walivyopangiwa, kila mmoja na namba yake. Kibondo mjini, mwendo mfupi wa gari, gesti zenye vitanda vitupu katikati ya wiki, bei poa, mahali pazuri. Mkimbizi hata akiwa na hela mfukoni hakuweza kuja kulala hapo kama wewe, kwa sababu kutoka kambini kulihitaji kibali. Hapo kilichomzuia kilikuwa karatasi, na hakuna punguzo la bei linaloondoa hilo.

Na mambo haya yanamfuata hata raia. Ni lalamiko la miaka mingi la watu wa Kigoma: ukifika mji wa mbali ukasema umetoka Kasulu au Kibondo, lafudhi yako ikasikika, kuna mtu atakuuliza kama kweli wewe ni Mtanzania. Kitabu cha wageni cha gesti zetu kimezoeleka kuwa na safu za jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Mwingine anajaza bila kufikiri. Muha anaandika "Muha" halafu anasubiri kuona uso wa mtu wa mapokezi. Mkoa huohuo mwaka 2012 wasanii wake waliungana kuimba Leka Dutigite na nchi nzima ikacheza, bila kumuuliza msanii hata mmoja kitambulisho.

Sasa wewe unayekwenda mjini wiki hii

Historia hii ina faida ya mfukoni pia. Mahali pazuri siku zote ni pale usafiri unaposimama, na usafiri unahama. Ujiji ilikuwa mjini hadi reli ilipokwenda Kigoma. Ubungo ilikuwa mahali pazuri pa gesti hadi mabasi ya mikoani yalipohamia Mbezi mwaka 2021. Kwa hiyo usichague kwa sifa za zamani. Ukifika Dar kwa basi usiku na unaondoka alfajiri, lala Mbezi. Ukiwa na shughuli Kariakoo au Posta, lala Kariakoo, Gerezani au Mnazi Mmoja, karibu na mwendokasi, na stesheni ya treni si mbali. Chumba cha bei ya chini kule pembeni kinaweza kukugharimu zaidi ukijumlisha bodaboda za kwenda na kurudi.

Ukienda Kigoma, ukitaka ziwa, boti za Gombe na stesheni ya Wajerumani, lala mjini chini. Ukitaka bei ya chini na pilika za kitaa, lala Mwanga, iliyo katikati ya mjini na Ujiji. Ujiji kwenyewe nenda mchana, ukaone palipokuwa mwisho wa njia ya wapagazi. Na kabla hujalipa popote, omba kuona chumba: chandarua kizima, maji yanatoka, mlango unafunga kwa ndani, geti linafungwa saa ngapi.

Hilo la kuomba kuona chumba linaonekana dogo. Mpagazi hakuonyeshwa chumba. Manamba hakuulizwa. Aliyelala Uwanja wa Lake Tanganyika mwaka 2015 hakuchagua upande wa kulaza watoto. Ukisimama kwenye korido ya gesti ukasema "hiki hapana, nionyeshe kingine", na dada wa mapokezi akachukua funguo nyingine bila kununa, ujue uko kwenye kundi la watu wachache katika historia ya njia hii.

Na kama wewe ndiye mwenye gesti, au ndiye unayekaa pale mapokezi, akija mgeni mwenye lafudhi ya kule juu akaandika kabila lake kitabuni, mpe ufunguo kama unavyompa mwingine. Babu yake huenda alishalala kwenye kambi za kutosha.